Mfuko Mtupu Kwenye Mizani

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilipewa mkasi. Ilikuwa Kisumu, mwaka wa pili baada ya Uhuru, katika wodi ya wazazi, nami nilikuwa nimefika na sanduku la bati, Biblia ya mama yangu na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Nilitazamia kupewa ile pembe ya mbao ambayo mkunga huiweka juu ya tumbo la mama, akatega sikio, akasikia moyo wa mtoto ukikimbia huko ndani. Pembe ilikuja baadaye. Matroni, mwanamke mrefu aliyetembea bila kutoa sauti, alinipa mkasi mdogo wenye ncha butu.

"Huu si wa kitovu," aliniambia. "Huu ni wa kamba na hirizi. Mtoto akiingia wodi yangu na vitu hivyo mwilini, unakata kwanza, unasalimu baadaye."

Niliona ni amri njema. Nilizaliwa Maragoli katika nyumba ya mhubiri, nikafundishwa tangu utoto kwamba anayejifunga kitu mwilini ili kimlinde anamnyima Mungu nafasi yake. Nilikata kwa moyo mmoja, na wakati mwingine niliomba kimya huku nikikata.

Ninyi mnaosomea uuguzi leo mtashangaa jinsi tulivyofanya kazi na vitu vichache. Mama mjamzito alipokuja, tulivuta chini kope la jicho kuona kama ndani ni pekundu au pameparara. Pakiparara, damu yake ni haba. Tulibonyeza mguu wake kwa kidole gumba kwenye mfupa wa mbele, chini ya goti, tukatazama kama shimo linabaki; likibaki, maji yamejaa mwilini na hatari iko karibu. Kwa mtoto mchanga tulipapasa utosi. Ukiwa umebonyea, mtoto amekaukiwa. Mikono ndiyo iliyokuwa maabara yetu, na kwa muda mrefu nilijivuna kwamba yangu haikosei.

Baada ya miaka minne Matroni aliniita ofisini. "Unakwenda ziwani," alisema. "Utakuwa peke yako na msaidizi mmoja wa kufagia. Usiniletee aibu." Kituo chenyewe sitakitaja. Ilitosha kutembea asubuhi moja kutoka Luanda Kotieno kukifikia. Kilikuwa na vyumba vitatu, tangi la maji ya mvua, na baraza yenye benchi refu ambapo kila Jumanne akina mama waliketi na watoto wao.

Katika baraza hiyo ilining'inia mizani. Ilikuwa kama saa ya ukutani, yenye mshale mmoja, imefungwa kwenye boriti, na chini yake ndoano. Kwenye ndoano tulitundika mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu, mtoto akaingizwa humo kama amevaa kaptura, akaning'inia akilia, na mshale ukaonyesha uzito wake kwa ratili. Nyuma ya saa ile palikuwa na skrubu ndogo. Kazi yake ni kuurudisha mshale kwenye sifuri wakati mfuko umetundikwa bila mtoto, ili mfuko usihesabiwe kama nyama ya mtoto. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza, nikalijibu vizuri kwenye mtihani.

Mwaka wa tatu nikiwa pale, mfuko ulichanika. Badala ya kungoja mwingine kutoka Kisumu nilishona wangu kwa turubai nzito, safu mbili, nikatia pete za chuma kwenye mishipi ili udumu. Ulikuwa mzuri sana. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mikono ya kushona, nikautundika, nikaanza kupima. Skrubu sikuigusa.

Jumanne hiyo alikuja mwanamke mzee ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya. Alikuja na mke wa mwanawe, Awuor, na mjukuu wake Omondi, mvulana wa miezi saba. Mimi Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huko, nilikuwa nikiijua ya salamu tu. Dani alijua Kiswahili cha kwenye ghala la pamba, alikokuwa akiuza mavuno yake kila mwaka, na Awuor pia alikijua, basi tulielewana.

"Sista, huyu mtoto anaisha," alisema.

"Anaisha vipi, Dani?"

Alimfunua. Omondi alikuwa na uzi wa shanga kiunoni, buluu na nyeupe. "Mwezi uliopita ulikaa hapa," akagusa kitovu. "Sasa tazama." Uzi ulikuwa umeteremka chini ya mifupa ya nyonga.

Nilimtia mtoto kwenye mfuko wangu mpya. Kadi yake ilisema ratili kumi na tano mwezi uliotangulia. Mshale ulionyesha kumi na tano na nusu.

"Ameongezeka," nilisema. "Nusu ratili."

"Ameongezeka wapi? Masikioni?"

Benchi zima lilicheka. Nilimwonyesha mshale kwa kidole. "Dani, mizani haina undugu na mtu. Inasema ilichoona."

"Na uzi umeona nini?"

"Uzi ni uzi." Nikatoa mkasi, nikakata. Nilizitupa shanga katika kopo la maziwa ya unga nililoweka chini ya meza, pamoja na nyingine nyingi. Nilikusudia kuzichoma, lakini shanga za kioo haziungui, kwa hiyo kopo lilikuwa limejaa.

Dani alilitazama kopo lile. "Nyar Maragoli," alisema polepole, "hiyo ilikuwa mizani yangu." Nyar ni binti wa mahali fulani. Sikumwuliza ana maana gani. Nilimgeukia Awuor, nikamwuliza kama bado ananyonyesha. Alitazama sakafu, akasema, "Ndiyo, Sista." Niliandika "anaendelea vizuri" kwa mwandiko wangu bora.

Walirudi Ijumaa ya wiki ya tatu, siku isiyo ya kliniki. Dani hakubisha hodi. Alimlaza Omondi juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akafunua kanga.

Nimeona mengi tangu hapo, lakini asubuhi ile haijanitoka. Uso wa mtoto ulikuwa wa mtu mzee sana. Ngozi ya mapaja ilikuwa imekunjamana kama soksi iliyolegea. Utosi umebonyea. Walisema alikuwa akihara siku tano. Hakulia nilipomgusa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilimpima. Ratili kumi na tatu na nusu. Nilisoma mara tatu, kwa sababu kilichokuwa mikononi mwangu hakingeweza kufika huko.

"Mtoe," Dani alisema.

"Ngoja, nataka—"

"Mtoe. Pima mfuko."

"Mfuko?"

"Kwa mnunuzi wa pamba tunaanza na gunia tupu. Asipolipima gunia, hatumwagi pamba. Hata mwenye wazimu anajua."

Nilimtoa Omondi, nikampa mama yake, nikautundika mfuko peke yake. Mshale ulipita sifuri, ukapita moja, ukapita mbili, ukasimama kwenye mbili na nusu. Hakukuwa na mtu ndani yake. Mtoto niliyemwandika ameongezeka alikuwa siku ile ile amepungua ratili mbili, na nyanya yake aliniambia, na benchi zima lilisikia.

Ndipo Awuor alipoanza kusema, akimwangalia mtoto badala yangu. "Nina mimba, Sista. Miezi mitatu. Nilimwachisha siku nilipojua. Maziwa ya mwenye mimba yanamharibu mtoto, kila mtu anasema. Nilimpa uji."

"Uji wa nini?"

"Wa muhogo. Mwepesi, ili ameze."

"Mbona hukuniambia? Ningekwambia umnyonyeshe tu, maziwa hayo hayana ubaya."

"Ulimwambia Nyar Asembo mbele ya watu kwamba hata mbuzi hungoja."

Nilikuwa nimesema hivyo, mwaka uliotangulia, kwa mwanamke aliyeshika mimba akiwa na mtoto wa miezi sita mgongoni. Watu walicheka na mimi nikacheka. Sikujua kwamba tangu siku ile hakuna mama aliyeniambia ukweli.

Sikulia. Hapakuwa na nafasi. Nilimpa Omondi maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja, na msaidizi wangu akakimbia barabarani kutafuta gari. Tulipata lori la pamba lililokuwa likienda Kisumu. Kabla ya kupanda Dani aliomba uzi wake. Nilimwaga kopo juu ya meza. Nyuzi zile zote, ambazo mimi niliziona ni moja, kwake zilikuwa tofauti. Aliutambua wake mara moja, akaufunga ulipokatwa, akamvika mtoto na kumsimamisha. Uzi ulianguka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Njia nzima, tukipita hata Otonglo ambako watu walikuwa wakipanga ndizi zao kando ya barabara kana kwamba ni siku ya kawaida, nilishika kifua cha mtoto yule kuhesabu pumzi. Nilimwambia Mungu kwamba sina la kujitetea.

Matroni alitupokea mwenyewe. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasikiliza habari yote bila kunikatiza.

"Nani alishona mfuko?"

"Mimi, Matroni."

"Basi kwenye ripoti usiandike kwamba mizani iliharibika. Mizani haikuharibika."

Halafu aliuona uzi wa shanga, na kwa mazoea mkono wake ukaenda mfukoni. Niliushika mkono huo. Sikuwahi kumgusa mkubwa wangu, na nilidhani atanifukuza kazi palepale. Alingoja nimweleze. Nilipomaliza aliurudisha mkasi mfukoni, akaandika kwenye chati kwa mkono wake: shanga zisiondolewe. Kila asubuhi wauguzi walimpima Omondi kwa mizani ya wodi, na Dani kwa kupitisha vidole viwili chini ya uzi. Wiki mbili hatukujua kama ataishi. Wiki ya tatu uzi ulikwama kwenye nyonga bila kushikwa, na Dani akalala usingizi wake wa kwanza, akiwa ameketi.

Mimi nilikuwa nimesharudi ziwani. Katika Jumanne zote za mfuko ule wa turubai nilikuwa nimepima watoto thelathini na mmoja. Niliazima baiskeli, nikachukua mizani, mfuko mwepesi na kopo, nikaenda nyumba kwa nyumba. Kila mahali nilieleza kosa langu, nikampima mtoto upya, nikamwacha mama atafute uzi wake ndani ya kopo. Wengi walikuwa wazima. Wanne niliwapeleka kituoni. Kwenye nyumba ya ishirini na tatu niliona tuta dogo la udongo mpya kando ya migomba kabla sijashuka kwenye baiskeli. Walisema ni surua. Huenda ilikuwa surua. Nilimwandika ameongezeka, huyo pia, na sitajua kamwe hapa duniani.

Nilimpa mama yake uzi aliouonyesha, mwekundu wote. Aliukunjua, akautazama, akaurudisha kiganjani mwangu na kukifunga.

"Kaa nao, Sista. Siku ukipima wengine, anza nao."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, ziwani na Kisumu. Nilimpokea mtoto wa pili wa Awuor kwa mikono hii, msichana mwenye sauti kubwa. Omondi mwenyewe anauza vipuri vya baiskeli Kondele, mjini Kisumu. Ana kitambi, na ule uzi wa shanga hauwezi kumzunguka hata paja. Akiniona hupiga kelele mbele ya wateja, "Sista, leo mshale unasemaje?" Namshukuru Mungu kwa kila ratili yake. Mkasi nilimrudishia Matroni siku alipostaafu. Sijawahi kumkemea mama mwingine mbele ya benchi, ingawa mara nyingi ulimi uliwasha.

Na kila asubuhi ya kliniki, mpaka ya mwisho kabla sijastaafu, niliutundika mfuko mtupu kwanza, nikatia ndani yake ule uzi mwekundu. Ulikuwa mwepesi, mshale haukuuhisi. Nilizungusha skrubu mpaka sifuri, nikautoa uzi, nikaurudisha kwenye mfuko wa sare yangu, mahali palipokuwa pa mkasi. Kisha nilisema, "Wa kwanza, njoo."