Jani la Mgomba Njiani

Kwetu, milimani karibu na Mlola, mtu akimpita mkubwa bila shikamoo huulizwa amelelewa na nani. Ruhusa ya kunyamaza ilikuwa moja tu. Mama yangu alipofinyanga, alitundika jani bichi la mgomba kwenye fito mbili, pale njia ya kibandani kwake inapoachana na njia ya kisimani. Aliyeliona hakusalimu wala hakuita. Mwanamume hakulivuka kabisa, kwa kuwa udongo ni kazi ya wanawake. Mimi binti yake niliruhusiwa kukaa ndani nikimkandia udongo, mradi nisiongee.

Chungu kikubwa hakitaki kukatizwa, hasa ukifika mdomoni, ambapo udongo ni mwembamba. Ukiondoka, upepo wa mlimani hukausha upande mmoja kabla ya mwingine. Ufa huuoni siku hiyo. Unauona motoni.

Miaka ile ya soko huria, ndoo za plastiki zilijaa gulioni na wateja wa mama wakapungua. Hakulalamika sana, hata yeye alichotea maji kwa ndoo, kwa kuwa ni nyepesi. Lakini katika ukoo wetu binti haendi kwa mumewe bila chungu kilichotoka mikononi mwa mama yake, na mdogo wangu alikuwa ameshaposwa.

Ndipo kaka yetu, aliyeuza mboga zetu Dar es Salaam, akaleta simu. Tuliizungusha nyumba nzima. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, dirishani mwa kibanda cha kufinyangia. Ikakaa hapo. Kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kilimani kwetu, watoto wa majirani walioko mjini nao walipiga humo humo: mwambie mama nimefika salama, mwambie baba bei ya nyanya imeshuka. Wengine walibipu tu, tukabaki tunakisia ni nani. Kila ilipolia mama aliinuka, akaishika kwa ncha za vidole vyenye udongo. Nilimwuliza kwa nini asiiache. Akasema simu ikilia huwezi kujua kama si msiba.

Chungu cha mdogo wangu kilipasuka motoni, kuanzia mdomoni kushuka chini. Shoga yake mama alikiinamia, akakitazama.

"Hiki kilipokea simu nyingi," alisema.

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Muda uliobaki kabla ya harusi ulitosha kufinyanga, kukausha na kuchoma kimoja tu.

Tangu utotoni niliamini mama amezaliwa na moyo uliotulia. Nilipotazama vile vigae nilianza kuona vingine. Utulivu wake ulilindwa na watu wengi: mgeni aliyekaa chini akasubiri, jirani aliyemeza habari yake mpaka jioni, mtoto aliyezibwa mdomo na dada yake. Jani lenyewe hata mbuzi angeweza kulila. Nao waliopiga simu hawakuwa na adabu mbaya. Aliyeko Dar angelionaje jani?

Kesho yake mama aliitia simu kwenye debe la unga jikoni, akafunga mfuniko, akatundika jani, akaanza upya. Hakumwambia mtu. Jioni alikifunika chungu kwa majani mabichi ya mgomba, na asubuhi akarudi kumalizia mdomo.

Mchana huo nilichungulia dirishani nikamwona kaka amesimama mbele ya jani, begi begani, viatu vyekundu kwa vumbi. Nilimgusa mama nikamwonyesha. Alimtazama kwa muda, kama anayehakikisha kwamba mwanawe ni mzima, kisha akarudi kwenye mdomo wa chungu na kokoto lake la kulainishia. Nadhani kaka alilisikia likisugua, maana mabega yalimshuka. Akaketi kwenye jiwe upande wa pili wa jani, hakuita.

Jua lilikuwa limeshainama mama alipotoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Utokako kwema?"

"Kwema. Nimepiga jana, nimepiga leo njiani, hupatikani."

"Nilikuwepo."

"Nimeacha mzigo sokoni, mama. Nilidhani umekufa."

"Ningekufa, jani lisingekuwepo."

Kaka aliinamisha uso. Sikujua kama anacheka. Baadaye alichukua kata akammiminia maji, naye akanawa udongo taratibu, kidole kimoja kimoja.

Aliporudi Dar aliwaambia watu wa kwetu wote kwamba kilimani hakupigwi simu kabla ya alasiri. Wengine walisahau, lakini debe la unga halikusahau.

Chungu kilitoka motoni kizima. Mdogo wangu aliteremka nacho hadi Mnazi alikoolewa, amekipakata kama mtoto. Mimi sasa ninafanya kazi ya kuandika, mjini, ambako hakuna anayeujua mwiko wa jani, na asubuhi simu yangu huishi jikoni pamoja na unga. Huko Mnazi ni joto. Mdogo wangu husema maji ya chungu kile bado ni baridi, na akitaka kuniambia hivyo, hupiga baada ya alasiri.