VPN ya Yaya na Umeme wa Jirani

"Imeingia?"

"Imeingia, Yaya! Angalia!"

Niliruka kutoka kwenye mkeka nusura nimwage chai. Yaya ni dada yangu mkubwa, na asubuhi ile alikuwa amesimama nyuma yangu sebuleni kwetu Keshero, akimnyonyesha mtoto wake, akitazama kompyuta yake ambayo siku nzima ya jana yake sikumruhusu hata kuigusa.

Ofisi moja inayoshughulika na mbegu ilikuwa imempa jaribio. Asikilize wakulima waliorekodiwa wakizungumza Kinyarwanda, aandike maneno yao kwa Kifaransa, arudishe kabla ya saa sita mchana siku ile ile. Akifaulu, atafanya kazi hiyo akiwa nyumbani. Akishindwa, atahamia Bukavu kuuza katika duka la shangazi, na mtoto ataondoka naye. Nyumbani hakuna aliyelizungumza hilo, lakini mimi nililisikia kila mtoto alipocheka.

Sauti zenyewe zilikuwa kwenye seva ya ofisi, na seva hiyo haifikiwi ila kwa VPN, ile njia iliyofungwa inayopita ndani ya intaneti. Programu ya VPN ilikuwa imeikataa kompyuta ya Yaya kwa sababu mfumo wake ni wa zamani. Basi nikafanya nilichojifunza peke yangu, kwa kutazama video na kuharibu vitu: niliunda kompyuta pepe, yaani kompyuta ya pili inayoishi ndani ya ile ya kweli na kula intaneti yake. Nikaiwekea mfumo mpya wa Linux, na humo VPN ikakubali. Nakiri kwamba kompyuta pepe hiyo nilikuwa nimeshaifuta na kuiunda upya, si kwa kuwa ilikuwa mbovu, bali kwa sababu jina nililoipa lilianza kwa herufi ndogo. Nisingeweza kulala nikijua hivyo.

Tukacheza sauti ya kwanza. Ikakwama, ikaruka, ikakwama. Kompyuta pepe ilikuwa imepewa kumbukumbu kidogo mno. Tena programu ya Yaya ya kuandikia, pamoja na kile kikanyagio cha kusimamisha sauti kwa mguu, vyote vilikuwa kwenye kompyuta ya kweli.

"Kwa hiyo VPN iko mule ndani, na miye niko huku inje," Yaya akasema. "Sasa tunafanya namna gani?"

"Ile ya ndani itapitisha ya inje."

"Inawezekana?"

"Inawezekana!" nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kujaribu.

Niliiandikia ofisi kwanza, kwa kuwa siwezi kugusa kitu cha wenyewe bila ruhusa. Msimamizi akajibu kwamba hakuna shida, mradi iwe kompyuta hiyo hiyo moja. Nikaanza. Kompyuta pepe nikaipa ruhusa ya kupitisha mawasiliano yasiyo yake, na kuyatuma kwenye VPN kana kwamba ni yake. Kilichobaki ni kuiambia kompyuta ya kweli: pitia kule.

Hapo ndipo tabia yangu ilipoharibu kazi. Sikupenda kuona kompyuta yenye njia mbili, nusu huku, nusu kule. Nilitaka usafi. Nikaandika amri kwamba mawasiliano yote, bila kubakiza, yapitie kompyuta pepe.

Kila kitu kikafa. VPN ikakatika, barua pepe ikakatika, hata ukurasa mwepesi kabisa haukufunguka, ingawa simu iliyokuwa ikitupa intaneti ilikuwa nzima. Nikarudia amri zile zile, taratibu, nikikagua kila nukta. Zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonitisha: nilikuwa sijakosea hata herufi.

"Bado?" Yaya akauliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo yako naijua."

Wakati huo huo taa ikazimika, na nje sauti ya mama ikapanda. Sisi umeme tunaupata kwa jirani, kwa waya unaopita juu ya ukuta wa mawe meusi. Wengi mtaani kwetu huishi hivyo, na sharti linajulikana: unaomba wa taa na wa kuchaji simu, basi. Mpangaji wetu, baba mzima mwenye masharubu, alikuwa amechomeka resho, lile jiko dogo la umeme, ili apashe maji ya kuoga, na swichi ya jirani ikaanguka.

"Papa, nilikuambia nini?" mama alikuwa akimwambia. "Umeme ya kuomba ni ya taa!"

"Mama, ni mayi kidogo tu, ya kuoga."

"Ya kuoga, washa jiko yako ya makala! Unataka kuweka nyumba muzima juu ya waya ya mutu? Sasa na mwenye kutupatia naye yuko gizani!"

Nikayarudia maneno ya mama: Mwenye kutupatia naye yuko gizani. Kompyuta pepe ilikuwa ikila intaneti ya kompyuta ya kweli, nami nilikuwa nimeiamuru kompyuta ya kweli ichukue intaneti yake yote kwa kompyuta pepe. Kila moja ilikuwa ikiingoja nyingine iipe.

"Ya taa tu!" nikapiga kelele. "Yaya, ya taa tu!"

"Umepata kichaa?"

Nikafuta ile amri. Nikaandika nyingine: anwani za ofisi peke yake zipitie kompyuta pepe, na mengine yote yapite njia yake ya zamani. Njia mbili, nusu huku, nusu kule. Ilinikera kuitazama. Betri ya kompyuta ilikuwa ingali na nguvu. Yaya akafungua programu yake, akakanyaga kikanyagio.

"Muraho neza," ikasalimu kwa Kinyarwanda sauti ya mkulima mmoja mzee wa huko Kibumba, safi, bila kukwama hata kidogo, kisha akaanza kulalamika kuhusu viazi vilivyoozea shambani.

"Muraho!" mama akaitikia kutoka mlangoni, akidhani tumepata mgeni.

Tulicheka hadi mtoto akaanza kulia. Kisha Yaya akanikabidhi mtoto, akaketi, akaandika. Mimi nilizunguka chumba nikiwa nimembeba, nikisikia viazi vile vikioza kwa Kinyarwanda na kufufuka kwa Kifaransa. Alituma kazi kabla adhana ya mchana haijasikika. Jibu lilikuja mama akiwa anasonga ugali: aanze Jumatatu.

Mama alipiga vigelegele, na jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama umeme umerudi na kwetu pia. Nami nikaisogelea kompyuta polepole.

"Unataka nini?" Yaya akauliza.

"Nataka tu kuipanga vizuri. Zile njia mbili..."

Akanipiga mkono, akaifunika kompyuta kwa kitenge cha mtoto.

"Mudogo wangu, iko natembea, iko nafanya kazi. Iache."

Nimeiacha. Lakini najua ziko mle, mbili, na kila nikipita hapo vidole vinaniwasha.