Gari la Kiitaliano na Mbuzi wa Yatima

Jumamosi nilikuwa Kahama, kwenye kituo cha yatima, tajiri mmoja wa dhahabu alipokuja kukabidhi msaada wa gari. Turubai likavutwa. Chini yake kulikuwa na gari la zamani la michezo, la Kiitaliano, jekundu, viti viwili, tumbo karibu liguse vumbi.

Mama mlezi alikuwa ameomba gari la kupeleka watoto hospitali. Alilizunguka, akapima kiti kwa kiganja.

"Tunashukuru, baba. Sasa mtoto akizidiwa, nitamlaza wapi?"

"Mama, hili si la kubebea wagonjwa. Hili ni gari la thamani."

"Basi tuliuze, tupate hata Noah ya mtumba."

"Zawadi yangu haiuzwi," alisema, huku akiitazama kamera ya mpiga picha aliyekuja naye.

Huo si msaada. Huko ni kuwageuza yatima walinzi wa gari lako.

Na kwa kuwa huku kwetu aliyeleta zawadi haachwi aondoke mikono mitupu, watoto walimletea mbuzi wao wa Krismasi. Nilijua atamkataa. Alimpokea, akamlaza nyuma ya gari lake jingine, lile kubwa alilokuja nalo, na nafasi ikabaki tele.