Bi Kongoro na Kidonge cha Mzee

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, tulimzika wifi yangu Somoe. Nimempoteza mtu pekee aliyekuwa akiniita Bi Kongoro, na sitaki jina hilo liende naye kaburini kabla hujajua lilikotoka. Kaa, mwanangu. Mie niliishia darasa la saba, lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Nakumbuka nilivyoingia bi harusi kwa wakwe zangu Gongo la Mboto, nina miaka ishirini na mitatu. Baba mkwe, Mzee Athumani, alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka na miguu imekuwa mizito. Hospitali walimpa vidonge, vikamfaa: akishameza asubuhi alitoka uani mwenyewe, akashika patasi yake akachonga. Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Somoe alidamkia sokoni kwenye biashara yake, kwa hiyo kumtunza mzee nikaachiwa mie.

Na bi harusi anataka nini, kama si kusifiwa? Kwetu nililelewa nikijua kwamba dawa kali haimezwi na tumbo tupu. Nikaanza kumchemshia supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe, kila alfajiri, nzito, mpaka midomo inagandana. Kidonge cha asubuhi akakimezea supu hiyo. Cha mchana nikampa na maharage na maziwa. Mzee alilamba vidole, nami nikajiona nimefuzu ukwe.

Wiki ya pili akaanza kuganda. Alifika kwenye kizingiti cha mlango, miguu ikagoma kama imepigiliwa misumari.

"Niacheni," alisema. "Leo mie bawabu. Anayepita atoe chochote."

Tulicheka, lakini patasi ilikuwa imelala siku nne, na mzee asipochonga macho yake yalikuwa yakizima. Somoe hakucheka. Alinifuata jikoni.

"Wifi, baba alikuwa anatembea. Umekuja wewe, kawa nguzo. Hiyo supu yako unatia nini?"

"Ndimu na pilipili manga, wifi. Wallahi."

"Haya. Kesho hospitali. Na kaka akirudi, ataambiwa."

Nilijua ataambiwa nini. Ndoa ya miezi miwili, mwanangu, ikishaitwa nuksi haina mtetezi. Niliosha masufuria yale yale mara mbili, nikifikiria namna ya kurudi kwetu.

Hospitali tulipokewa na muuguzi, mama wa makamo. Akauliza, "Vidonge anameza na nini?"

"Na maji, kabla ya kula," Somoe akajibu. "Kama mlivyotuelekeza."

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini nilimtazama mzee, mkono wake ukicheza juu ya goti, nikakumbuka kwamba mficha uchi hazai.

"Si kweli, sista," nikasema. "Anamezea supu ya kongoro. Nampa mie, kila siku."

Somoe aligeuka akanikodolea macho. Muuguzi hakunifokea. Aliuliza tu, "Nyie kwenu, majirani mnapelekeana sahani za futari?"

"Sana," nikasema.

"Basi sikiliza. Ndani ya ubongo kuna seli nyingi mno, zimebanana kama nyumba za uswahilini, ila hazigusani. Baina ya hii na hii kuna uchochoro mdogo ajabu. Seli ikitaka kumwambia jirani yake jambo, inavusha kemikali kwenye uchochoro ule, kama wewe unavyovusha sahani. Jirani ana mlango wake wa kupokelea. Akipokea, ujumbe umefika. Kisha sahani inarudishwa au njia inasafishwa, ili ujumbe mwingine upite. Ziko kemikali za aina nyingi, na nyingine kazi yake ni kumwambia jirani atulie. Hii inayomsumbua mzee inaitwa dopamini. Seli zinazoipika zimepungua, kwa hiyo mguu unasubiri neno ambalo halifiki vizuri."

"Na kidonge?" mzee akauliza.

"Kidonge ni unga tu wa kupikia, baba. Dopamini yenyewe inapikwa humo humo kichwani. Sasa nyama, maharage na maziwa vikishasagwa tumboni vinapita mlango ule ule wa unga huo. Kongoro likitangulia, kidonge kinabaki kwenye foleni."

Akatuambia kidonge kitangulie kwa maji, chakula kifuate baadaye, na nyama aile zaidi jioni.

Somoe aliinamisha kichwa. "Mliniambia tangu mwanzo, sista. Mie ndiye sikumwambia wifi. Nilidhani anajua."

Tulipofika nje alinishika bega, nikajua sasa nafukuzwa. Kumbe anatetemeka kwa kicheko. "Yaani mchawi tunayemtafuta siku zote ni kongoro!" Akakaa chini kwenye ngazi za hospitali, khanga usoni, mzee naye akicheka mpaka kofia ikamwanguka. Tangu hapo nikawa Bi Kongoro.

Haikuwa siku moja. Asubuhi ya tatu mzee alifika kwenye kizingiti, akasimama. Akakivuka. "Bawabu kastaafu," alisema, akaenda kuchukua patasi. Ugonjwa haukuisha, sikudanganyi, lakini alichonga miaka mingi baada ya hapo. Kitu cha kwanza alichochonga ni mwiko wangu, ule mweusi uliopinda kidogo pale mkono ulipotetemeka.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Usimfanyie mtu wema kabla hujajua wema unaomfaa ni upi, na ukikabidhiwa neno livushe, usiseme atalijua mwenyewe. Ukiulizwa, sema kweli hata kama ndoa yako iko mlangoni inatikisika. Na dawa za watu mwachie daktari, si supu yako. Mungu akupe majirani wanaopokea, na wewe akujaalie mkono usiochoka kuvusha. Amlaze pema Somoe wetu.

Leo asubuhi binti yake amenirudishia sahani niliyompelekea mama yake siku za mwisho. Ameifunika kawa, ndani vitumbua vinne vya moto.

"Mama alisema isirudi tupu," akaniambia. Kisha akainama, akajizuia kucheka.

"Shikamoo, Bi Kongoro."