Hodi ya Tatu

Kazi ya Mama Korea ilikuwa kuwatia Wakorea Kiswahili mdomoni. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, ingawa Korea yenyewe hakuwahi kuiona hata kwenye ndoto. Lugha yao aliisoma chuoni miaka minne, baba yake akilalamika kwamba binti anapoteza muda, halafu akapata kazi kabla ya kaka zake wote. Baba akanyamaza mwenyewe.

Alifanyia kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji, feni inazimwa kila wanaporekodi kwa sababu inanguruma. Alitazama midomo ya waigizaji, akahesabu inavyofunguka, akatafuta neno litakaloingia humo. Watu hudhani ni kutafsiri tu. Thubutu! Mtu kafungua mdomo mara mbili, utampa hotuba?

Upande wa pili wa kioo alikaa mumewe. Huyo ndiye aliyekuwa sauti ya wanaume wote wazuri wa Korea, na wanawake wa mtaani walimwita Sauti. Wakikutana naye njiani wanamsimamisha: "Hebu tuambie 'nakupenda' twende zetu." Naye anawaambia, kwa ile sauti ya mwanaume wa koti aliyesimama kwenye mvua, na mkewe anacheka mpaka anashika ukuta.

Tamthilia ya mwisho waliyoifanya pamoja ilisubiriwa mwaka mzima. Mjumbe wa kifo, kijana mzuri wa koti jeusi, anatumwa kumchukua msichana muuza maua, na badala ya kumchukua anampenda. Kwa Kikorea mjumbe anasimama mlangoni na kuita jina la mtu mara tatu. Ukiitika mara ya tatu, unaondoka naye.

Mama Korea hakukubali. "Mtu mzima asimame kwenye mlango wa watu aanze kuropoka jina la mwenye nyumba? Hana adabu? Huyu apige hodi." Wakubwa wa kazini wakacheka, wakakubali.

Na hapo ndipo alipokosea, msinibishie. Jina lako likiitwa unaweza kunyamaza ukajifanya haupo. Hodi je? Hodi mdomo unaijibu wenyewe, akili inauliza baadaye.

Sehemu nyingine zote Sauti alishazimaliza; zikabaki hodi, akarekodi mbili. Kabla ya ya tatu akakohoa, akaomba maji, akasema tutamalizia kesho. Kesho yake alikuwa wodini, na siku ya nne wakamzika. Mapafu, walisema madaktari. Fundi mitambo hakuwa na moyo wa kumwita mwingine aje aseme neno moja la marehemu, wala wa kunakili yale mawili. Akaacha kimya, kwa kuwa pale kamera inaonyesha kitasa cha mlango tu na hakuna mdomo wa kujazwa.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alikuwa kwa binti yake, mji mwingine, akipasuliwa macho, na upasuaji wenyewe haukusaidia kitu. Presha ilikuwa juu. Ndugu wakakaa kikao, wakaamua asiambiwe mpaka apate nafuu. Nafuu hiyo lini? Hakuna aliyesema. Kila mmoja akarudi kwake, mzigo akabebeshwa mjane.

Mama mkwe alirudi haoni hata mkono wake mwenyewe. Akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko safari ya kikazi, Mama."

Miezi saba! Safari gani hiyo, ya kwenda mwezini? Kila asubuhi bibi wa watu aliuliza, na kila asubuhi safari ikaongezwa siku. Mama Korea alijifunza kucheka kwa sauti ili asikike mzima. Aliwahi kuigusa kweli kwa ulimi, akairudisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanye nini aliyeficha kifo chenyewe.

Sasa tamthilia ikatangazwa. Jumamosi, saa kumi alasiri. Mama Korea aliitamani siku hiyo na kuiogopa. Kumsikia mumewe tena! Lakini mama yake je, akimsikia? Kumtoa nyumbani haikuwezekana, kwa sababu nyumba zote za mtaa zingetazama kitu hichohicho. Akaona bora kuwahi.

"Mama, leo mwanao atasikika kwenye TV."

"Ndiyo kazi iliyomweka huko siku zote hizi?"

"Ndiyo, Mama." Uongo juu ya uongo, kama matofali.

Msusi wa jirani alikuwa ameshaingia na bakuli la karanga. "Saluni nimefunga. Leo hata bibi harusi aje analia, simsuki mtu." Mama Korea akamvuta pembeni, akamkumbusha kwamba bibi hajui kitu. "Mimi? Mimi ni kaburi," akasema msusi, kisha akajiziba mdomo kwa aibu.

Ikaanza. Msichana anafunga duka lake la maua. Upepo hakuna, ila maua yote yanainama upande mmoja, kuelekea mlangoni. Bibi yake alishamwonya: ya kwanza na ya pili si kitu, ya tatu usiijibu kamwe.

"Hodi."

Sebule yote ilijaa mume wake. Na nje, kutoka dirisha hili na lile, mtaa mzima ukaitika, "Karibuuu!" Watoto, wazee, hata kinyozi wa pale kona. Vicheko vikafuata. Msusi naye alijibu karanga zikiwa mdomoni, akajicheka. Mama mkwe aliinua uso tu.

"Hodi."

Safari hii zile "karibu" zilikuja chache, na hakuna aliyecheka.

Kamera ikahamia kwenye kitasa. Mama Korea alijua kinachofuata ni kimya cha sekunde sita. Alizihesabu mwenyewe kazini. Mtaa ulinyamaza kana kwamba umezimwa. Moja. Mbili. Tatu.

"Hodi wenyewe."

Haikutoka kwenye TV. TV ilikuwa kushoto, na sauti ilitoka kulia, mlangoni, imechoka kidogo, kama alivyokuwa akirudi kazini amebeba vitu mikono yote miwili. Wala hilo "wenyewe" halikuwa kwenye maandishi. Aliyeyaandika ni Mama Korea, na hakuliweka. Alifungua mdomo ajibu, alitaka kujibu kuliko kitu chochote duniani, ulimi ukagoma.

"Karibu, baba," alisema mama mkwe. "Sukuma, haujafungwa."

Msusi aligeuka. "Bibi, unamkaribisha nani? Mbona ya tatu hajapiga? Hapo kimya tu."

Mlango haukusogea. Lakini mama mkwe alijivuta upande mmoja wa kochi, kama unavyompisha mtu akae, akainamisha kichwa kusikiliza. "Ehe," akasema. Kisha, "Lini?" Kisha, polepole, "Na mimi nilikuwa kwa dada yako."

"Jamani, nimeacha pasi kwenye umeme," alisema msusi, akatoka mbio, viatu mkononi.

Mama Korea alizima TV. Jua la alasiri lilikuwa limejaa chumbani, kila kitu kinaonekana wazi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kwenye ile nafasi iliyopishwa, mto wa kochi ulikuwa umebonyea. Akautazama unavyojiinua taratibu mpaka ukawa sawa.

"Mama," alisema, na sauti yake hakuitambua, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Ameondoka sasa hivi. Anasema alikufa. Anasema miezi saba."

Mama Korea alipiga magoti. Maneno ndiyo kazi yake, maneno ndiyo yaliyomlisha, lakini hakupata hata moja la kudanganyia. "Nisamehe, Mama. Walisema presha yako..."

"Presha yangu! Nimezika mume, nimezika watoto wawili, huyu ndiye angenishinda?" Kikongwe alipapasa hewani mpaka akapata kichwa cha mkwewe, akakishika kwa mikono yote miwili. "Hakuja kunichukua, wala kudai lolote kwangu. Amesema, Mama, mke wangu analia bafuni, anafungua bomba ili usimsikie. Ongea naye."

Habari ya bomba Mama Korea hakuwahi kumwambia mtu.

Tangu msiba kila mmoja alimwambia neno moja: tulia. Ndugu, majirani, wakubwa wa kazini, tulia, tulia, bibi asikusikie. Alijua na huyu sasa atasema hilohilo, akajibana.

"Njoo hapa juu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Tulie."

Wakalia kwa sauti, mchana kweupe.