Vidonge Juu ya Kifuniko

Kazi yangu katika jarida ni kuficha watu. Ni jarida la kitaaluma kuhusu urekebishaji wa wagonjwa wa akili na jinsi wanavyopata nafuu, na ofisi yetu iko Juja, chumba kimoja juu ya duka la fotokopi. Mtafiti akituletea makala kuhusu mgonjwa, mimi huisoma nikitafuta mahali mgonjwa huyo anapochungulia. Makanika namfanya seremala. Ruiru naiita mji mdogo. Nimeifanya miaka mingi, na nilijiona hodari.

Jumatano moja mhariri mkuu aliniwekea makala mezani.

"Hii paper ni moto, madam," akasema. "Ipitie tu haraka, iingie toleo hili."

Ilimhusu mwanamume aliyeishi peke yake na kupanda sukuma wiki kwenye magunia nje ya mlango. Mtafiti alimsifu kwa kujisimamia. Nikasoma huku nikinywa chai. Ukurasa wa sita mgonjwa mwenyewe alikuwa amenukuliwa: "Dada yangu huja kila Jumapili. Huvimwaga vidonge vyangu juu ya kifuniko cha sufuria akavihesabu. Hesabu haijawahi kukosea, kwa sababu kila siku natoa kimoja na kukizika kwenye gunia."

Nikaweka kikombe chini. Kifuniko hicho nakijua. Kina tundu mahali kishikio kilipong'oka, na kila Jumapili mimi huliziba kwa kidole gumba ili kidonge kisidondoke. Mtafiti alikuwa amebadilisha mji na kazi ya kakangu mdogo. Mimi hakunificha.

Mara ya mwisho alipoacha dawa tulimpata ukingoni mwa Mto Chania, viatu amevivua na kuvipanga vizuri kama mtu anayepanda kitandani. Nikatazama tarehe ya mahojiano. Miezi mitano iliyopita. Jumapili zote hizo nimeketi kwake, nimehesabu, nimecheka naye, nimebeba sukuma zake nikampelekea mama kule Murera! Sikuwahi hata kumuuliza analala vipi. Nilijikasirikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi watu wawili tulikuwa tumeyaficha, mmoja kwa kuzika na mwingine kwa kuhesabu.

Sikumuaga mhariri. Nilienda kwake, mtaa wa Landless, mchana huo huo.

Magunia yalikuwa yamemwagwa yote. Udongo ulikuwa umechekechwa ukawa laini kama unga wa uji, umetandazwa mpaka kizingitini, na sukuma zimenyauka juu yake. Jirani aliyekuwa akianika nguo alinitazama, akaingia kwake, akafunga mlango.

Kakangu alikuwa ameketi kitandani, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Kifuniko kilikuwa magotini pake, kitupu.

"Sasa, sista," akasema bila kuniangalia. "Leo si Sunday."

Nilimwambia nimeyasoma maneno yake kazini. Nilimwambia naogopa, kwamba nimekosa kwa kuhesabu vidonge badala ya kumsikiliza yeye, na kwamba twende hospitali sasa hivi, mimi na yeye tu, hata mama asijue.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akageukia kona ya chumba, penye kiti kisichokaliwa na mtu, akatabasamu kidogo.

"Si nilikwambia ataisoma," akakiambia kiti.