Watoto Arobaini na Sita wa Mama Séraphine

Kwa mujibu wa mashine ya ripoti, eneo la kituo cha afya cha Mama Séraphine, hapa Kalemie, lilikuwa na watoto arobaini na sita wa kuchanjwa surua kila mwezi, basi. Hesabu hiyo ilipigwa zamani, kabla vita havijazisukuma familia hadi kambi ya Katanika, hapa jirani, na hakuna aliyeirudia. Mwezi wa saba Mama Séraphine alichanja watoto mia moja na kumi na wanane, akimaliza akiba yote ya friji. Alipoandika hesabu hiyo kwenye tableti, kisanduku kikawa chekundu: idadi imezidi walengwa, sahihisha.

"Nisahihishe nini?" aliiuliza, kana kwamba ilikuwa na masikio.

Asidhaniwe kuwa ni mama wa kuogopa vitu vipya. Binti huyu wa fundi wa reli, aliyesomea uuguzi Kongolo, alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Alikumbuka enzi zake za kazi Ankoro, ripoti ikisafiri kwa mtumbwi, kisha kwa baiskeli, ikifika imelowa na wino umetawanyika. Tableti zilipogawiwa, yeye alijifunza wa kwanza, akawafundisha wenzake waliokuwa wakizibonyeza kwa woga kama watu wanaogusa sufuria ya moto.

Akampigia simu Casimir, mtunza takwimu kwenye biro ya zoni ya afya, ofisi inayosimamia vituo vya eneo zima.

"Mama, weka arobaini na sita, mashini itatulia," alisema Casimir. "Ripoti ikibaki nyekundu, ni kama kituo yako haikutuma kitu. Hata dawa inaweza kukosa kuja."

"Na wale sabini na mbili? Nilichanja miti?"

"Wako ndani ya kitabu yako, Mama. Hawatapotea."

Akaweka. Kisanduku kikawa kijani. Ripoti za zamani zilichukua majuma kufika. Uongo huu ulifika Kinshasa kabla hajarudisha kifuniko cha kalamu. Kwenye mkutano wa zoni wakampigia makofi kwa asilimia mia moja. Naye alipiga makofi pamoja nao, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi.

Mwezi wa nane vikaja vichupa vitano vya chanjo, kwa hesabu ya wale arobaini na sita, kila kimoja cha watoto kumi. Vilikwisha Jumanne ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi.

Jumanne ya tatu Laure, mama kutoka Katanika, alisimama mlangoni kwa mara ya tatu. Mgongoni alimbeba Carine, wa miezi kumi. Safari hii hakumshika mkono mwanawe mwingine, Tony, wa miaka miwili.

"Tony iko wapi?"

"Amebaki kwa dada yangu. Mwili moto, macho nyekundu, vipele kila mahali." Laure hakupandisha sauti. "Mama muganga, niliwaleta wote wawili. Ukasema juma ijayo. Nikarudi, ukasema juma ijayo. Sasa surua imemukamata. Unipatie hata ya huyu mudogo."

Mama Séraphine alifungua friji, ingawa alijua hali yake. Mlikuwa na barafu tu.

"Mulete Tony hapa, leo hii," alisema. Kisha akakwapua kile kitabu kikubwa cha chanjo, akapanda pikipiki ya abiria hadi biro ya zoni, akakibwaga mbele ya Casimir, juu ya kompyuta yake.

"Hesabu majina ya mwezi wa saba. Kwa kidole."

Casimir hakuhesabu. Alivuta droo, akatoa daftari la shule. Ndani yake, kwa mwandiko safi, mlikuwa na vituo vyote kumi na vinne vya zoni, na mbele ya kila kimoja hesabu mbili: iliyotumwa, na ya kweli. Kituo cha Mama Séraphine: 46, 118.

"Kumbe munajua!"

"Tunajua, Mama. Kubadilisha ile hesabu ya walengwa, Kinshasa peke yao njo wanaweza. Nimeandika mara tatu. Wananijibu: angalieni kwenye mashini."

"Na hii daftari, nani anaisoma?"

Casimir alilitazama daftari kama anayeliona kwa mara ya kwanza. "Mimi."

Alimpa vichupa vitatu vya akiba, akamtaka atie saini kwenye daftari hilo hilo. Carine alichanjwa wa kwanza. Tony alilazwa, homa ilishuka siku ya tano, lakini jicho lake la kushoto likabaki na ukungu.

Mwisho wa mwezi Mama Séraphine aliandika watoto themanini, kama walivyokuwa. Nyekundu. Akatuma hivyo hivyo. Mkutanoni, kwenye orodha iliyomulikwa ukutani, vituo kumi na vitatu viling'aa kijani, na kimoja kikawaka kama kidonda.

"Mama Séraphine," alisema daktari mkuu wa zoni, "mwezi uliopita ulipata mia kwa mia. Kumepita nini?"

Mama Séraphine alisimama, akafungua kitabu, akaanza kusoma majina ya mwezi wa saba: jina la mtoto, umri, mahali alipotoka. Alipofika la ishirini, kicheko kikasikika nyuma.

"Mama, hii ni misa ya wafu?" aliuliza Toussaint, muuguzi wa kituo cha jirani.

"Bado, Toussaint. Hiyo njo tunaikimbia."

"Fupisha, Mama," alisema daktari.

"Tulifupisha mwezi wa saba, Daktari. Mutoto mumoja sasa anaona na jicho moja."

Akaendelea kusoma. Casimir, pale kwenye kona yake, aliinuka, akaliweka daftari lake mezani mbele ya daktari, akarudi kuketi.

Barua ya kuomba hesabu ya walengwa ibadilishwe iliandikwa siku hiyo hiyo, daftari likapigwa picha, na vyote vikatumwa Kinshasa kwa kubonyeza mara moja. Jibu likaja juma lilelile: ombi limepokelewa, angalieni kwenye mashini.

Mwezi wa tisa vikaja vichupa vitano.

Jumanne ya kwanza Mama Séraphine alitoka nje, kisanduku cha barafu chenye vichupa vile vitano begani, akahesabu watoto kwenye mstari: sitini na watatu. Akahesabu tena. Kisha akaanza kuuliza, mama mmoja baada ya mwingine, nani ametoka mbali zaidi.